Birika la Mzee Mbaruku na Mashine ya Kikombe Kimoja

Sogeeni. Mwenye kikombe akishike vizuri, asiye nacho avumilie, maana leo kuna kesi inayotua mapajani mwenu, na isije ikasemwa baadaye kwamba hakimu alikuwa ametoka kwenda kununua kashata.

Palikuwa na mama mmoja Tanga, jina lake Bi Mishi, mjane wa Mzee Mbaruku muuza kahawa. Mama huyu alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na chake.

Wa kwanza, Saumu, alizaliwa na mkono. Kitu kikitoka mkononi mwake kimefika, hata kikivushwa bahari na kupita forodhani. Alikuwa akifanya kazi Maskati, na aliwahi kumtumia mama yake sahani za udongo zikafika nzima zote, pamoja na ile iliyoondoka huko ikiwa na ufa.

Wa pili, Chande, alizaliwa na pua. Alikuwa akiuza viungo sokoni, na akipita nje ya nyumba yako alijua wali umeshika chini kabla yako wewe uliyesimama juu ya sufuria. Majirani walimpenda, ila wakimwona anakuja walifunga madirisha.

Wa tatu, Mwinjuma, alizaliwa na mdomo. Kazi nyingine hakuwa nayo. Aliweza kumsimamisha mtu anayekimbilia basi, akamsalimia, na yule mtu akalikumbuka basi kesho yake.

Sasa, Mzee Mbaruku enzi za uhai wake alikuwa na birika la shaba, na mbele ya nyumba yake palikuwa na baraza. Alfajiri akikaanga kahawa, akiitwanga, akiichemsha juu ya makaa, kisha akigonganisha vikombe mkononi, tiki-taka, tiki-taka, na wanaume wa mtaa wakija kukaa. Na baraza lile lilikuwa na sheria moja tu: haonji mtu mpaka wa mwisho amiminiwe. Mkimiminiwa wote ndipo mnaonja wote. Kwa birika haikuwa shida, maana mzee alikuwa akizunguka nalo mara moja tu, amemaliza.

Siku alipoona safari yake imefika, akamwita mkewe.

"Mishi, birika hili halikatwi vipande. Mwenye birika ndiye mwenye baraza. Mpe yule atakayewarudisha watu."

"Warudi kutoka wapi, baba Saumu? Si hao hapo nje wanabishana?"

"Wataondoka," akasema mzee, naye akatangulia yeye, bila kufafanua.

Na kweli waliondoka. Hakuna aliyegombana na mtu. Ni kwamba hapakuwa na wa kuamka alfajiri kutwanga, na moshi wa makaa ulikuwa unamkaba Bi Mishi kifua, basi mmoja akakosa leo, mwingine akakosa kesho, mwisho kila mwanamume akawa anakunywa chai kwake akiitazama simu. Bi Mishi aliendelea kulifagia baraza kila asubuhi kwa ajili ya mtu asiyekuja. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akilalamika kwamba kelele za wale wanaume zinamtoboa masikio. Sasa alikaa dirishani, masikio mazima, hana la kuyafanyia.

Ndipo simu ikaingia kutoka Maskati.

"Mama," akasema Saumu, "nimekutumia mashine na vidonge vyake. Asubuhi unatia maji, unaweka kidonge kimoja, unabonyeza, basi. Hakuna moshi, hakuna kutwanga."

Nyinyi mnaocheka mapema, ngojeni. Mwanamke wa umri wa Bi Mishi akiambiwa "mashine na vidonge" anajua ni kitu gani: ni presha. Mzigo ulipofika, mzima kama kawaida ya mkono wa Saumu, mama akaupokea kwa shukrani. Akaweka vidonge kabatini pamoja na dawa zake nyingine. Mashine akaichomeka kwenye soketi ya dirishani, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa nzima nyumbani mle, akaitia maji alivyoambiwa, akapandisha mkono wa gauni, akautia mkono wake pale pa kuweka kikombe, akabonyeza, akatulia asubiri kubanwa.

Mashine ikanguruma. Ikamtemea maji ya moto.

Chande alimkuta mama yake amechovya mkono kwenye beseni la maji, na kwenye meza kuna kidonge kimoja kimelowa mate.

"Mama, hiki kimekuwaje?"

"Nimejaribu kukimeza, mwanangu. Hakipiti. Dada yako anadhani mimi tembo?"

Chande akakinusa. "Mama, hii kahawa."

"Kahawa? Sasa imetiwa kwenye kidonge inaumwa nini?"

Habari ile ilizunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo kesi yetu inapoanza. Watu walikuja kuiona mashine iliyompima Bi Mishi presha kwa maji ya moto. Alikuja Mzee Shekimweri, mshona viatu, mkongwe wa baraza. Alikuja Mgaza, kinyozi, mwenye kanzu nyeupe kuliko zote. Wakasimama nje ya dirisha, Bi Mishi akiwatumbukizia kidonge ndani, akibonyeza, na kikombe kikitoka hapo hapo. Hakuna jivu, hakuna kufurika, na cha pili ni sawasawa na cha kwanza. Mzee Shekimweri akainama atazame chini ya meza kama kuna mtu amejificha.

Saumu akapigiwa simu, akasikia sauti za wanaume nyuma ya sauti ya mama yake, akalia.

"Mama, wamerudi!"

Walikuwa wamekuja, hilo kweli. Lakini walipokwisha kuitazama wakaanza kuionja, na mtu akionja ana maneno. Mzee Shekimweri alikunywa, akaangalia ndani ya kikombe, akasema, "Hii si kahawa. Hii ni kahawa iliyosimuliwa." Kisha vidonge vikaisha, mashine ikabaki dirishani kama mgeni asiyejua lugha, na uani kukawa na rundo la vikopo vitupu vya vile vidonge ambalo hata kuku walilizunguka kwa mbali. Watu wakapungua tena. Bi Mishi akaurudia ufagio.

Hapo akainuka Chande na pua yake. Aliviokota vile vikopo uani, akavibandua, akaviosha, akavianika kama dagaa. Akanunua buni, akaikaanga huku amefumba macho, pua ikimwambia bado, bado, bado, sasa. Akaitwanga kwenye kinu cha baba yake, akatia tangawizi na iliki kidogo, akajaza, akafunika kila kimoja kwa karatasi ya bati ya kufunikia chakula. Cha kwanza kililipuka. Mgaza alikuwa amesimama mbele, siku yenyewe Ijumaa, na alikwenda msikitini na madoa kama chui. Cha pili kilitoa maji matupu. Lakini alipokwisha kujua ashindilie kiasi gani, mashine ikanguruma, ikatoa harufu, na harufu ikavuka barabara ikamshika Mzee Shekimweri akiwa na kiatu cha mtu mkononi.

Akaja nacho. Akanywa. Akachungulia ndani ya mashine.

"Mbaruku," akasema, "umejificha humo ndani?"

Bi Mishi aliposikia vile akageukia ukutani, akajifanya anapangusa saa.

Watu wakarudi, na safari hii wakarudi kesho yake na kesho kutwa. Ila mashine ile ilikuwa na ila yake ya kuzaliwa: inatoa kikombe kimoja, kisha inapumua, inawekewa kidonge kingine, inanguruma upya. Imeumbwa kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake na hataki salamu. Na sheria ya baraza mnaijua: haonji mtu mpaka wa mwisho amiminiwe. Mzee Shekimweri kwa heshima ya umri wake alikuwa akipewa cha kwanza. Basi anakaa na kikombe chake kwenye goti, akiwatazama wadogo wote wakipewa, mmoja baada ya mmoja, na wa mwisho akimiminiwa, yeye chake kimekuwa maji ya kisima.

"Heshima gani hii?" akafoka. "Kijana anakunywa moto, mimi nakunywa baridi! Nikitaka baridi nitakwenda mtungini kwangu."

"Basi onja mapema, Mzee wangu," akasema Mgaza.

"Nivunje sheria ya Mbaruku mlangoni kwa Mbaruku? Wewe kanzu ya chui, nyamaza."

Walianza kuondoka kwa hasira, vikombe vimejaa. Bi Mishi akashika nondo za dirisha. Ndipo Mwinjuma akafungua kinywa.

"Wazee wangu, kaeni. Sheria inabaki ile ile. Ila kuanzia leo, mkubwa anamiminiwa mwisho. Mdogo apewe kwanza, angoje kwa adabu, kipoe. Mkubwa apewe mwisho, anywe moto, na hakuna atakayeonja mpaka yeye apewe. Heshima imeongezeka au imepungua?"

Mzee Shekimweri akakaa. Wote wakakaa. Na tangu siku ile Tanga ikaona jambo ambalo haijawahi kuliona: wanaume wakigombania uzee. Mgaza, aliyeoa juzi na kumwambia bibi harusi kwamba hajafika arobaini, akaanza kukumbuka ujio wa reli. Mwingine akaapa kwamba alizaliwa mwaka ule nzige walipokula mpaka mapazia. "Mwaka ule baba yako alikuwa hajatahiriwa!" akajibiwa. Watu wakaleta mashahidi. Mashahidi nao wakataka kahawa, na ukitaka kahawa sharti useme umri, na ukisema umri sharti uthibitishe. Kila kikombe kikawa kinasubiriwa kwa hadithi nzima, na kwa kila kidonge kilichotumbukizwa kulikuwa na mtu anayepewa vidonge vyake. Ule uchelewaji wa mashine, ambao ulikaribia kuliua baraza, sasa ndio ukawa unalijaza watu.

Kelele zikarudi dirishani. Bi Mishi alilalamika kwamba zinamtoboa masikio, na hakuondoka pale.

Ukatimia mwaka tangu kufa kwa marehemu. Saumu akaja likizo kwa ajili ya hitima. Baada ya dua, baraza likajaa mpaka watu wakakalia ndoo. Kwa kuwa siku ilikuwa ya Mzee Mbaruku, Bi Mishi aliwasha makaa kwa mkono wake, akakohoa weee, akalijaza kahawa birika la shaba, akaliweka likae moto. Kisha akaita wanawe mbele ya wote.

"Baba yenu alisema nimpe atakayewarudisha watu. Watu hawa hapa. Nani kawarudisha?"

"Mimi, mama," akasema Saumu. "Mlikuwa mmekaa na birika hilo hilo miezi mingi, kuna aliyelishika? Bila mashine yangu hakuna ambaye angekanyaga hapa. Moshi huu unaokukohoza leo, mashine ndiyo iliyokuondolea."

"Dada, wewe umewaleta," akasema Chande. "Baba hakusema kuwaleta. Alisema kuwarudisha. Walikuja mara moja kutazama, kama watu wanaotazama ajali. Kilichowafanya warudi ni kahawa ya baba, na hiyo imetoka kwenye pua hii."

"Na wakarudi, wakakasirika, wakawa wanaondoka, niliona kwa macho yangu," akasema Mwinjuma. "Mtu aliyerudi halafu akaondoka, karudi huyo? Mimi ndiye niliyewakalisha. Baraza si kahawa, baraza ni makalio."

Bi Mishi akamgeukia Mzee Shekimweri. "Mzee mwenzangu, sema wewe."

Mzee Shekimweri, ambaye siku ile alikuwa ameshinda kesi ya umri dhidi ya watu wote, alikuwa akingoja kikombe cha mwisho. "Mimi sisemi kitu mkavu hivi," akasema. "Nimiminieni kwanza."

Saumu akatumbukiza kidonge. Chande akanusa. Mwinjuma akasema bismillahi. Mashine ikanguruma, ikakohoa kama Bi Mishi, ikazima. Umeme umekatika mtaa mzima. Ndani ya kikombe cha Mzee Shekimweri kuna tone moja, linazunguka.

Baraza zima limeshika vikombe vimejaa, na hakuna anayeweza kuonja.

Bi Mishi akatazama makaa. Birika liko pale, linafuka mvuke, na mkono mmoja unatosha kulibeba mpaka kwa mzee. Lakini mtoto atakayelishika mbele ya watu hawa leo ndiye mwenye birika, na mwenye birika ndiye mwenye baraza. Watoto wote watatu wameshasimama. Mama amelishika kwa kitambaa, amelinyanyua, amewageukia.

Haya, wewe uliyeegemea mlango, na wewe unayejifanya unasinzia. Aliyewaleta, aliyewarudisha, au aliyewakalisha: birika analipokea nani? Sema upesi, ndugu yangu. Kahawa ya watu inapoa.