Upanga wa Bibi wa Kisimani

Upanga wa mapema haufunzi kukwepa. Mama Gaudensia aliisema methali hiyo bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa akikikata, siku ile Tulinagwe, mwanafunzi wake wa wiki ya pili, alipokalia cherehani mpya ya umeme na kuushona mkono wa joho la kwaya kwenye gauni alilolivaa mwenyewe. Wenzake walicheka mpaka wakaweka mikasi chini. Kisha mmoja akauliza swali la maana: cherehani na upanga vina undugu gani?

"Methali hii ilianza sebuleni kwa majirani zetu, hapa hapa Songea, nikiwa kidato cha pili," alijibu Mama Gaudensia, akampa Tulinagwe wembe. "Wewe fumua huku unasikiliza."

Na hivi ndivyo alivyowasimulia, akijitaja mwenyewe kwa jina kama mtu mwingine.

Likizo ya Juni mwaka huo, kijana aitwaye Otmari Mbawala alipata wageni wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni mashine ya gemu aliyoletewa na mjomba wake, ikawekwa chini ya runinga, kwa sharti kwamba kitambaa cha kufuma cha mama yake kikunjwe kabla ya kucheza na kirudishwe bila kupinda. Wa pili ni bibi yake, Bibi Hilaria, aliyetoka Mbinga kuja kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alimkataza kuinama, kubeba mzigo, kusugua jicho na kupuliza moto kwa wiki tatu. Kwa mtu aliyelima tangu utotoni, hiyo ilikuwa sawa na kifungo. Basi akakaa kitini sebuleni, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa baada ya miaka minne ya ukungu kilikuwa mjukuu wake akimkatisha mzee kauli.

Mzee mwenyewe alikuwa ndani ya runinga. Mchezo ule ulikuwa wa nchi ya kubuni yenye majitu na mazimwi. Mchezaji huanza akiwa kijana maskini wa kijijini, pekupeku, na fimbo mkononi. Silaha za maana huzipata polepole kadiri anavyosafiri. Kisimani pa kijiji hicho aliketi bibi kizee mwenye maneno mengi, tena ya Kiingereza, na kila mchezaji alibonyeza kitufe kuyaruka ili awahi porini. Otmari naye akabonyeza.

Bibi Hilaria akamwuliza kama hivyo ndivyo alivyolelewa. Otmari akaeleza kwamba yule si mtu, ni picha tu. Bibi akamjibu kwamba hata babu yake pale ukutani ni picha, na hajaona mtu akiitumia kufutia miguu.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Kila anapowasha mashine, kabla ya kwenda popote, shujaa wa Otmari alipita kisimani, akamsalimu yule bibi na kumwacha amalize. Gaudensia, msichana wa nyumba ya pili aliyekuja kila mchana na kucheza kwa zamu na Otmari, akapewa kazi ya ukalimani kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa na afadhali. Alikuwa mwenye haya, akatafsiri kwa sauti ndogo, na ndipo habari ikajulikana: bibi yule alinyang'anywa mwanawe wa pekee na mfalme, mwana huyo akafungiwa ngomeni, naye mama mtu hajaondoka kisimani tangu siku hiyo, kwa sababu hapo ndipo alipomwona mara ya mwisho.

Bibi Hilaria mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili. Akasema ataondoka Songea Jumapili ya wiki ya tatu, maana kahawa imeanza kuiva na haimsubiri mtu, lakini hataki kuondoka bila kujua kama mama huyu amempata mwanawe. Otmari akaapa kwamba atamfikisha mwana huyo kwa mama yake. Alipenda sana kuapa.

Siku ya saba ya salamu, bibi wa kisimani aliinuka. Hakuna mchezaji yeyote mtaani aliyewahi kumwona akiinuka. Aliingia ndani, akatoka na upanga, akampa shujaa wa Otmari kwa mikono miwili. Upanga wenyewe ukiuinua, radi inashuka. Wengine walikuwa wametumia miezi kupata silaha isiyofika hata nusu ya ule, na Otmari aliupata wakati shujaa wake hajapata hata viatu.

Kuanzia hapo, safari ikawa tambarare. Mbwamwitu, pigo moja. Jitu la darajani, lililokuwa limewaliza vijana wa mtaa mzima, pigo moja. Otmari alicheza akiwa amejilaza mkekani, mkono mmoja kwenye pedi ya kuchezea na mwingine kwenye muhogo wa kuchoma. Gaudensia, kwa kuwa sheria ya salamu haikumhusu na shujaa wake hakurudi kisimani, alibaki na fimbo. Shujaa wake alishinda akibiringika vumbini kuwakwepa panya na mbwa. Otmari akamwuliza siku moja kama huyo ni shujaa au punda anayejikuna mgongo. Gaudensia aliendelea kubiringika.

Kila mmoja alikuwa na pedi yake. Ilipofika wiki ya tatu, kitufe cha kupigia kwenye pedi ya Otmari kilikuwa kimechujuka rangi. Kile cha kukwepea kilikuwa bado kinang'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Bibi Hilaria, ambaye macho yake mapya hayakupitwa na kitu, alikiona, akadhani labda hakina kazi.

Ijumaa mchana wakafika ngomeni. Langoni palikuwa na mlinzi na tangazo, na Gaudensia akalisoma: hakuna anayeingia kwa mfalme na silaha. Bibi akasema hiyo ni adabu ya kawaida. Otmari akaukabidhi upanga huku akitafuna. Ndani palikuwa na ua mpana, upande wa pili mlango wa chumba alimofungwa yule mwana, na katikati jogoo mmoja mkubwa kama ndama, mwenye kucha za chuma. Anayedonolewa mara tatu amekufa.

Otmari akabonyeza kitufe cha kupigia. Shujaa akainua mkono mtupu. Jogoo akamdonoa mara tatu.

Akarudia. Akaketi vizuri, akarudia tena. Akaweka muhogo chini.

"Mara ya ngapi hiyo?" Bibi aliuliza, chai yake ikiwa haijapoa.

"Ya kumi na moja, Bibi."

"Majitu umeua mangapi?"

"Sikuyahesabu."

"Na sasa jogoo."

Otmari akamsogezea Gaudensia pedi bila kumtazama usoni. "Mpitishe wewe. Mimi sijui kukwepa."

Gaudensia hakuipokea. Alimtazama Bibi.

"Yule mama alimpa nani upanga?" Bibi Hilaria akauliza.

"Mimi."

"Basi mwanawe utamrudisha wewe. Upanga wa mapema haufunzi kukwepa, mjukuu wangu, lakini Jumapili haijafika. Rudi kwenye fimbo."

Jumamosi asubuhi Otmari akamrudisha shujaa wake kijijini, upanga akauweka sandukuni, akashika fimbo. Yule aliyeangusha majitu akapigwa na panya, akapigwa na mbuzi, akaangushwa na mbwa wa mwuza mkate. Gaudensia alikaa pembeni akimwelekeza kwa ile sauti yake ndogo: asitazame mdomo wa mnyama, atazame miguu. Otmari akataka kujua nani alimfundisha. Akaambiwa ni panya wale wale, wiki tatu.

Otmari akakuna kichwa. "Kuhusu lile neno la punda," alianza.

"Punda hafi kwa jogoo," Gaudensia akasema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake kali kuliko yote likizo ile.

Mchana wakarudi uani. Jogoo alimwua mara nne. Ya tano Otmari alifika katikati akaanguka hapo. Nje, mama yake alikuwa tayari anamfungia Bibi mizigo. Bibi Hilaria, kwa kuwa alikatazwa kuinama, alikiburuta kiti chake chote mpaka mbele ya runinga.

"Acha miguu," alisema. "Huyo ni jogoo. Kabla hajaruka hushusha bawa, la kushoto. Nimefuga kuku miaka hamsini."

Na kweli. Bawa likashuka, kidole cha Otmari kikakandamiza kile kitufe kipya, shujaa akabiringika, mdomo ukadonoa mchanga. Likashuka tena, akabiringika tena. Alidonolewa mara moja, akadonolewa ya pili, na sebuleni hakuna aliyepumua mpaka aliposhika komeo la mlango.

Mwana aliyetoka alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Bibi akasema kumbe mtoto mwenyewe ni baba wa watu. Wakamfuata hadi kisimani. Bibi wa kisimani akamwona, akasimama, akaanza kusema, na maneno yalikuwa marefu kuliko siku zote. Otmari aliiweka pedi mkekani, mbali na mikono yake. Gaudensia alitafsiri sentensi moja baada ya nyingine hadi akaacha kutafsiri, na hata hivyo walielewa.

Bibi Hilaria aliipeleka pembe ya khanga machoni. Otmari akamkumbusha kwamba daktari amekataza.

"Amekataza kusugua," alisema Bibi. "Kulia hakukutaja." Baadaye akaongeza kwamba kijana yule, pamoja na ndevu zote, hakumpa mama yake shikamoo.

Kesho yake akapanda basi. Msimu ule, jirani yake kule Mbinga alinunua mashine ya kumenyea kahawa kabla hajajua kuitofautisha mbivu na mbichi, akaharibu debe zima, na Bibi Hilaria akamwambia lile neno. Jirani hakuuliza ni upanga gani. Akawaambia wengine, nao wengine, mpaka likarudi Songea kabla ya Krismasi.

Mama Gaudensia akarudi kwenye kitambaa chake. Tulinagwe alikuwa amemaliza kufumua, na gauni na joho sasa vilikuwa viwili. Msichana mmoja akauliza yule Otmari aliishia wapi.

Mama Gaudensia akaonyesha kwa mkasi kibarazani, ambako mume wake alikuwa akipiga pasi suruali kwa pasi ya mkaa. Cheche iliruka. Mzee akayumba kidogo kushoto, ikampita, akaendelea na kazi.

"Anakwepa vizuri," alisema mkewe.

Tulinagwe akaitazama cherehani ya umeme, kisha ile ya kukanyaga kwa miguu iliyokuwa pembeni, kuukuu, bila rangi. Akavuta kiti, akaiketia. "Upanga wa mapema haufunzi kukwepa," alijisemea, akaanza kukanyaga.