Upepo wa Mkomazi

Mkata upepo haachwi mlimani. Mmeisikia methali hiyo asubuhi hii ikitupwa katikati ya ugomvi wa watu wazima, mkauliza imetoka wapi. Imetoka barabarani, na imetoka kinywani mwa mtu aliyekasirika. Methali hii ilianza hivi.

Hedaru palikuwa na kundi la waendesha baiskeli, watu wazima wenye kazi zao. Mara moja kila mwaka waliondoka alfajiri, wakafuata lami ya tambarare kupitia Mkomazi mpaka Mombo, kisha wakapanda milima mpaka Lushoto. Kwenye tambarare mbele alikaa Mrindoko, msagaji wa mashine ya unga, mabega yake kama mlango wa ghala. Upepo wa Mkomazi hauna adabu. Unakupiga usoni pamoja na mchanga wake. Mrindoko aliuinamia akaupasua, na wenzake kumi na mmoja wakajipanga nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, wakipiga soga kama wako sebuleni. Kazi ile waliiita kukata upepo. Hakuna mwingine aliyewahi kuiomba.

Walikuwa na desturi moja. Kwenye daraja la Soni, katikati ya mlima, wote husimama. Wa mwisho akifika hupiga kengele ya baiskeli yake, wenzake humjibu kwa zao, ndipo safari inaendelea.

Mrindoko alikuwa hajawahi kufika Lushoto kwa magurudumu yake mwenyewe. Miaka miwili miguu ilimgomea kabla ya Soni, akarudi, wakampa jina: Bwana Mombo. Hata wateja mashineni walimwita hivyo. Mwaka wa tatu aliapa. Akamwambia Kajiru, fundi redio mrefu, mwembamba, aliyekuwa kiongozi wao: "Safari hii nafika. Nyie mningoje tu Soni."

"Tutakungoja, Bwana Mombo, hata tuote mizizi!"

Akakata upepo Hedaru mpaka Mombo bila kupokewa. Mlima ulipoanza, wenzake walimpita mmoja mmoja, wabichi kama watu waliotoka kuoga. Mapaja yake yalikuwa yamekauka. Alipanda akitema mate mazito, mara mbili akashuka na kukokota baiskeli, akapanda tena. Akafika Soni. Akapiga kengele.

Kimya. Akapiga tena.

"Unamwita nani?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda damu kando ya daraja. "Wenzio wamepita zamani, hata mguu hawakuweka chini. Kadada kamoja kalitaka kusimama, yule mrefu akakaambia twende, kazi ya huyo imeishia Mombo."

Mrindoko hakununua tunda wala hakunywa maji. Afike Lushoto, awakute wanashiba, wamcheke tena? Aligeuza baiskeli akateremka peke yake, breki zinanuka, meno yameumana.

Siku ya tatu Kajiru alipita mashineni. "Bado umenuna, kaka? Mlima hauna undugu. Wewe Mungu kakupa mabega, sisi katupa miguu."

Mrindoko akazima mashine ili asikike vizuri. "Mabega yangu mmeyajua, mlijificha nyuma yake njia nzima. Miguu yangu mmeiona wapi? Lini mliniacha nifike nayo mlimani ingali mizima?"

Kajiru akacheka tu, akaenda zake.

Mwaka uliofuata wote walidhani Mrindoko hatakuja. Alikuja. Akasimama nyuma kabisa.

"Bwana Mombo, mbele!" wakaita.

"Mbele mna kiongozi."

Kajiru akaona haya, akashika mbele. Upepo ukamla. Kila alipogeuka kutafuta wa kumpokea, wenzake walikuwa wakitazama minyororo yao. Naghenjwa, mwalimu wa chekechea, ndiye yule dada aliyetaka kusimama Soni, akajaribu. Upepo ukamyumbisha kama kanga kwenye kamba. Kajiru akarudi mbele, midomo imepasuka, soga zimekwisha.

Mombo wakaanza kupanda. Mrindoko akakanyaga pedali, na miguu ikaitika. Akampita Kajiru, akapita wengine, akapita wote. Ndipo alipojua. Miaka yote alidhani yeye ni mzito. Kumbe hakuwa mzito, alikuwa ameliwa nguvu. Hasira ikampanda kuliko ya mwaka uliotangulia.

Akafika Soni wa kwanza. Lushoto ilikuwa mbele yake, na miguu ingali na nguvu. Akasimama. Wenzake walipofika, mmoja akasema, "Twendeni, leo Kajiru kafa." Mrindoko akaikingamisha baiskeli yake darajani.

"Hapiti mtu!"

Wakangoja. Kajiru akatokea akikokota baiskeli, macho chini.

"Piga kengele," Mrindoko akamwambia.

"Ndugu yangu, yaishe..."

"Nimesema piga!"

Ikalia mara moja, nyonge. Mrindoko akajibu kwa yake, kisha Naghenjwa, kisha wote.

"Mbona umeningoja?" Kajiru akauliza. "Mimi sikukungoja."

"Usidhani nimekusamehe. Hasira yangu ninayo, na leo Lushoto nitakula kwenye meza yangu peke yangu. Lakini upepo wa leo umeukata wewe, nami nilikuwa nyuma yako. Mkata upepo haachwi mlimani."

Walipanda mpaka Lushoto kwa mwendo wa Kajiru, pole pole mno, bila mtu kumpita. Mrindoko akafika kwa magurudumu yake, akala kwenye meza yake peke yake kama alivyosema. Naghenjwa ndiye aliyeyachukua maneno yale mpaka Hedaru, na Hedaru hawakai na neno. Sasa yanasemwa hata na watu wasiojua kukanyaga pedali.

Basi nyie mkijikuta mnapiga soga na vumbi haliwafikii, nyosheni shingo mtazame ni nani yuko mbele analila. Mlima unakuja. Na mkata upepo haachwi mlimani.