Bibi Raita na Kiapo cha Mumewe

Wamesimulia waliotutangulia katika dini, Allah awarehemu, kwamba katika milima ya mpakani, kaskazini mwa nchi ya Shamu, palikuwa na ribati iliyoitwa Sarwa. Ribati ni ngome ambayo waumini huingia kwa zamu, wakaulinda mpaka, na baina ya zamu na zamu wakasali na kusoma Qur'ani. Wake zao na watoto walikaa kijijini bondeni, mwendo wa nusu siku kwa mwenye kupanda mlima.

Miongoni mwa walinzi hao alikuwamo mtu aliyeitwa Thumama bin Adii. Mkewe alikuwa Bibi Raita, binti wa fundi wa pinde, na Mwenyezi Mungu alikuwa amewaruzuku mtoto mmoja wa kike, Lubaba, mwenye umri wa miaka sita.

Nyumba yao ilijulikana kwa vicheko. Kila baada ya wiki mbili Thumama alishuka kukaa na watu wake siku tatu, na kabla hajafika mlangoni alipaza sauti kumwita binti yake aliyekuwa akimngoja juu ya paa: "Mlinzi! Toa habari!"

"Jeshi la mbuzi saba, Amiri!" Lubaba alijibu. "Na jemadari wao ni Bi Ummu Sabiti, ana fimbo!"

Akisujudu, mtoto humpanda mgongoni, naye huirefusha sijida mpaka mtoto ashuke kwa hiari yake. Raita alizoea kusema kwamba mumewe hushuka kutoka ngomeni na imani mpya, na hupanda kurudi ngomeni na nguvu mpya. Hakujua kama jambo hilo laweza kuvunjika kwa asubuhi moja.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, baada ya Ramadhani. Desturi ya Sarwa ilikuwa kwamba siku hiyo jamaa wote hupanda ngomeni, na walinzi hushindana kulenga shabaha mbele yao. Kibuyu kilichojaa maji hutundikwa juu ya mti mrefu. Mlinzi akikosa mishale mitatu, humkabidhi upinde mtu wa nyumbani kwake, ili aiokoe nyumba yake. Kwa kawaida alikuwa ndugu au mtoto wa kiume.

Thumama alikosa mitatu. Upepo ulikuwa mkali, na hilo halikuwa kosa la mtu. Lubaba akapiga kelele, "Mpe mama! Mpe mama!" Watu wakacheka. Thumama naye akacheka, akampa mkewe upinde. Raita alikaza ushungi wake, akavuta, akaachia. Kibuyu kikapasuka, maji yakawamwagikia waliosimama chini.

"Enyi watu!" akaita Kaisi, bawabu wa ngome, mtu wa mizaha. "Kuanzia kesho Bibi Raita apande mnarani, na Thumama akachunge mbuzi!"

Ngome nzima ilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Ila Raita, aliyemgeukia mumewe ili wacheke pamoja, aliuona uso wake ukijifunga kama mlango. Thumama alimsindikiza hadi langoni. Hapo akasema kwa sauti ya chini, "Wallahi, sitakukaribia wewe wala nyumba yako hadi mpaka huu upate amani." Akageuka, akaingia ndani.

Mpaka ule haukuwa umepata amani kwa miaka thelathini.

Siku chache baadaye habari zilishuka bondeni, lakini zilishuka zikiwa zimevaa nguo nyingine. Ilisemwa kwamba Thumama bin Adii ameipa dunia kisogo, kwamba amemwekea Allah nadhiri ya kutoiacha ribati, kwamba mchana hufunga na usiku husimama kusali. Watu wakaanza kumwombea dua.

"Hongera, mwenzangu!" jirani yao Bi Ummu Sabiti alimwambia Raita kisimani. "Sisi waume zetu wanashuka kufuata bakuli la mchuzi. Wako amemfuata Mola wake!"

Raita alitabasamu. Alijaza mtungi wake, akaubeba, na alipofika nyumbani aliutua kwa nguvu hata ukapata ufa.

Hasira, ndugu zangu, si dhambi inapoingia moyoni. Mtu huulizwa alichofanya nayo. Hasira ya Raita ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Ilikuja Idi ya Kuchinja, na waume wote wa kijiji wakashuka isipokuwa mmoja. Lubaba alikaa juu ya paa tangu asubuhi, akihesabu kila kitu kilichopita njiani, mpaka jua lilipozama. Jioni Kaisi alileta ujumbe: "Thumama anakusalimuni. Ameshughulika na ibada." Raita alitamani kumrudisha Kaisi na maneno ambayo yangeiwasha moto ngome ile. Neno moja tu lingetosha. Angesema kweli, na walii wao angegeuka kichekesho kabla ya adhuhuri ya siku ya pili.

Hakulisema. Aliposali, aliisoma Fatiha kwa meno yaliyobana, akamwomba Mola wake ampe subira, na mara nyingine alimwomba kwa sauti ya mtu anayegomba. Naye Allah ni Mwenye kusikia, na hawatupi wanaomwendea na hasira yao mkononi.

Alikuwa amejifunza kwa imamu wa kijiji hukumu iliyomo katika Qur'ani: wanaoapa kujitenga na wake zao wana muda wa miezi minne. Ukitimia, ama warejee, ama watoe talaka. Mwanamke hafungwi kama mnyama, asiwe na mume wala asiwe huru. Basi ilipobaki siku moja muda utimie, Raita alimpandisha Lubaba juu ya punda, akashika njia ya mlimani. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake. Aliyapanga vizuri mno. Yalikuwa makali, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Kaisi alimfungulia lango akainamisha kichwa. "Karibu, karibu, mke wa mcha Mungu! Ngome yetu imepata baraka kwa ajili ya mumeo."

"Kaisi," alisema Raita, "nishushie mtoto, kisha nyamaza. Nataka kumwona Amiri."

Amiri wa ngome aliitwa Habbab bin Nufayl, mzee wa vita vingi, na ndiye aliyekuwa kadhi wao pia. Alimsikiliza, akaagiza Thumama aitwe. Baada ya sala ya adhuhuri wakakutana katika ua wa msikiti, na walinzi waliokuwa wametoka kusali wakabaki wameketi, kwa kuwa hukumu za Sarwa hazikufanywa kwa siri.

Thumama alikuja amekonda, macho yameingia ndani. Lubaba alimkimbilia akasimama hatua mbili mbele yake, kama aliyesahau namna ya kumkumbatia. Thumama alitazama chini.

Raita alipoona hivyo, damu ilimpanda kichwani.

"Thumama," Amiri alisema, "mkeo anasema uliapa kujitenga naye. Ni kweli?"

"Ni kweli, ewe Amiri. Niliapa kubaki katika ribati kwa ajili ya Allah."

Walinzi wakanong'ona, "Mashaallah." Raita akasimama.

"Nia njema hiyo," Amiri alisema polepole, "lakini kesho muda unatimia. Utarejea nyumbani kwako, au utamwacha? Hakuna njia ya tatu."

Thumama aliwatazama wale walinzi. Akirejea, watu watauliza ni vipi nadhiri ya Mola inavunjwa kwa ajili ya mwanamke. Akibaki, atabaki na sifa yake na dua za watu. Akafumba macho. "Nadhiri ya Allah ni nzito," alisema. "Basi, Raita binti—"

"Usilitamke!" Sauti ya Raita ilipasua ule ua. "Usilitamke neno hilo, Baba Lubaba, kabla hujanijibu swali moja. Siku ile langoni, uliapa kwa ajili ya nani?"

Amiri alimtazama. "Bibi, unajua jambo tusilolijua?"

"Ninalijua."

"Basi liseme. Una haki."

Maneno aliyoyapanga Bibi Raita njia nzima yalikuwa yamemjaa kinywani. Ndipo akafanya tulivyofundishwa na Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, kwamba mwenye hasira akiwa amesimama, akae. Akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

"Nina haki," alisema. "Lakini hiyo ni siri ya nyumba yangu, na mpaka kesho bado ni nyumba yangu. Sikuitoa kisimani, sikuitoa siku ya Idi, na sitaitoa leo. Mwenye nayo aitoe mwenyewe. Akikataa, atamke talaka yake, nami nitateremka na mtoto wangu, na sitasema mpaka kufa."

Thumama alimtazama mkewe aliyeketi mavumbini. Alijua alichonacho mwanamke yule mkononi, na alijua miezi minne mizima hakukitumia. Ukatili wake ungekuwa rahisi zaidi kuuvumilia kuliko ukarimu ule.

"Kwa ajili ya kibuyu," alisema.

"Kwa ajili ya nini?" Amiri aliuliza.

"Kibuyu, ewe Amiri. Nilikikosa, yeye akakipiga, na watu wakacheka. Sikuapa kwa ajili ya Allah. Niliapa kwa sababu ya vile vicheko. Kisha watu wakasema ni nadhiri ya ibada, nami nikawaacha waseme. Nimefunga, nimesimama usiku, na wallahi hakuna rakaa niliyosali bila kuvisikia vile vicheko masikioni. Mke wangu alijua yote. Mngemsikia akinitukana, ningestahili."

Kaisi, mtu wa mizaha, alijifunika uso kwa kilemba chake.

Amiri Habbab aliinuka, na ndevu zake zilitikisika kwa ghadhabu. "Umechukua jina la Mola wako ukalifanya pazia la kiburi chako! Hukusoma kwamba Allah ametukataza kulifanya jina Lake, kwa viapo vyetu, kuwa kizuizi cha kutenda mema? Na mema gani hayo uliyoyazuia? Mtume wetu alishindana mbio na mkewe, akashindwa, na safari nyingine akamshinda, wakacheka. Wajukuu zake walimpanda mgongoni naye yu katika sijida. Sasa wewe ni mcha Mungu kuliko yeye?" Akanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Na hii ngome tunamlindia nani, ewe Thumama? Mawe? Tunawalinda wale wanaocheka kule chini! Mtu aliyesahau kicheko cha nyumba yake, akipanda mnarani anatazama nini?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Thumama.

"Kiapo chako kina kafara," Amiri alisema, sauti ikishuka. "Walishe maskini kumi, urejee kwa mkeo. Anayeapa kisha akaona lililo bora zaidi, na alifanye lililo bora."

Waliteremka pamoja alasiri ile, Lubaba juu ya punda. Thumama alisema njiani, "Umenisitiri, Mama Lubaba. Nisamehe."

"Nitakusamehe inshaallah," Raita alisema, "lakini si leo. Leo bado nina hasira, na miguu inaniuma. Tembea."

Asubuhi yake Thumama alikataa kusaidiwa. Kafara ilikuwa yake, na alitaka kuipika kwa mikono yake. Alichinja kondoo, akasonga uji mzito wa ngano pamoja na nyama, akaukoroga mpaka jasho likamtoka, na wenye haja kumi wa kijiji wakaketi uani. Miongoni mwao alikuwa bibi kizee kipofu aliyeitwa Bi Nusaiba. Alionja tonge la kwanza, akatafuna, akatafuna tena.

"Nani amepika hiki?" aliuliza kwa sauti. "Mwambieni arudi akalinde mpaka. Akiwatupia maadui chakula hiki, hawatarudi tena!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Lubaba akacheka mpaka akajilaza chini. Raita alikuwa ameshika birika la maji. Hakuwatazama wanaocheka. Aliutazama uso wa mumewe.

Thumama alikuwa ameganda, mwiko mkononi, na uso umemwiva. Kisha akasogea, akapiga goti mbele ya yule bibi kizee. "Ni mimi niliyepika, bibi yangu," alisema. "Na mpaka wenyewe ulikuwa umenishinda." Mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kwanza kwa shida kama mlango wenye kutu, kisha kikafunguka chote.

Hapo ndipo hasira ya Bibi Raita ilipomtoka. Aliweka birika chini, akaketi kando yake, akatia tonge kinywani. Lilikuwa limeungua na lina chumvi ya kutosha wiki nzima, naye akalimeza lote.

Basi tujiangalie, enyi waumini, tunapokasirika na watu wetu. Ni rahisi kuliko tudhanivyo kuigeuza hasira yetu kuwa ibada, tukawanyima jamaa zetu uso mkunjufu huku tukidhani tunamridhisha Mola wetu. Na mwenye kudhulumiwa naye amtazame Bibi Raita: alikasirika kwa haki, akaidai haki yake mbele ya kadhi, na hakuivunja sitara ya mwenzake. Allah atujaalie hasira isiyoongopa na nyumba zisizoogopa kucheka. Amin.