Mchora Mabango na Kopo la Tapentaini

Wahenga hawakuwahi kufanya mtihani hata mmoja, ila sisi walituachia mingi. Walisema mficha uchi hazai, maana yake anayeficha shida yake hukosa wa kumsaidia.

Palikuwa na mchora mabango ambaye mkono wake haukutetemeka hata juu ya ngazi ya orofa mbili. Wiki tatu kabla ya harusi yake, zahanati ilimpa kazi ya kuandika ukutani dalili za magonjwa ya zinaa: vipele, mwasho, wekundu. Jioni hiyo alimtembelea mchumba wake, fundi cherehani. Walikumbatiana na kupapasana mpaka akili zikaenda likizo, ingawa mpaka waliowekeana hawakuuvuka.

Kesho yake, akiremba neno "mwasho", alisimamisha brashi. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na mpenzi mwingine kabla hawajakutana. Je, kama ameambukizwa? Na kwa kuwa katika kazi yake kila uchafu una dawa moja, alichukua tapentaini ya kuoshea brashi akajisugua kuanzia kitovuni hadi mapajani.

Kufika adhuhuri, maneno yote matatu yalikuwa yamehama ukutani yakamhamia mwilini.

Akaficha. Siku nne hakupokea simu za mchumba. Siku ya tano binti wa watu akaja mwenyewe, akasimama chini ya ngazi.

"Shuka, bwana harusi. Kama hunitaki sema, nikalifumue lile gauni."

"Nakutaka! Ila nina jambo."

"Jambo liko wapi?"

"Chini ya mkanda."

Hakucheka. "Unaandika dalili kwenye ukuta wa zahanati, halafu mlango huuoni? Twende."

Ndani, muuguzi mwenye miwani alitazama, akanusa.

"Umejipaka nini, mwanangu?"

"Tapentaini, mama."

"Hee! Wewe mtu au brashi?" Kisha akaketi, sauti ikatulia. "Kukumbatiana na kupapasana hakuambukizi virusi vya Ukimwi. Yapo magonjwa machache, kama kaswende na malengelenge ya sehemu za siri, yanayoweza kupita ngozi ikigusa ngozi. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Kwa hiyo hatukisii, tunapima. Nyote wawili."

Wakapimwa. Majibu yakatoka safi, na vipele vikapewa mafuta ya kutuliza ngozi iliyounguzwa na tapentaini.

Mchoraji alirudi juu ya ngazi kifua mbele kama jogoo aliyewika wa kwanza. Chini ya dalili zote akaongeza, kwa herufi kubwa kuliko zote: INGIA UULIZE. MIMI NILIINGIA. Akatia sahihi yake. Mshonaji akabaki chini akiwaambia wapita njia, "Mnamwona yule? Ni wangu!"

Harusi ilifungwa siku yake, na mwaka uliofuata wakapata binti. Hukumu ya wahenga basi imesimama, wala haina rufaa: mficha uchi hazai.