Bi Chembe, Ngogo na Gamba la Konokono

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa maji ndani ya kioo. Wa nyuma mnasikia?

Tunasikia!

Basi atakayesinzia, itampita.

Hapo zamani, si zamani za vita na watemi, zamani za juzijuzi tu, palikuwa na mwanamke wa Ujiji akiitwa Mwasiti. Sebuleni kwake alikuwa na tangi la kioo, na ndani yake alifuga samaki wa ziwani. Samaki wenyewe wadogo, hawazidi kidole gumba, na kila mmoja aliishi ndani ya gamba tupu la konokono. Msicheke! Nyumba ni nyumba.

Kati yao alikuwamo Bi Chembe. Bi Chembe alitaka jambo moja tu duniani: watoto. Mwasiti naye alitaka hilohilo, kuona vifaranga wakiogelea kwenye tangi lake.

Lakini humo alikuwamo pia Ngogo, samaki mwenye ndevu na miba. Kazi yake ilikuwa kula makombo, na mwenyewe alijiita mfagizi. Maneno matamu, tumbo halijui kushiba.

Bi Chembe akataga mayai ndani ya gamba lake. Asubuhi Ngogo akasogea kwenye kioo, akamwambia Mwasiti, "Mama mwenye nyumba, huyu Chembe anakula chakula chako bure. Hana yai hata moja. Huamini? Inua gamba utazame."

Mwasiti alikuwa na haraka, ugonjwa wa wafugaji wote. Akatia mkono, akainua gamba, akaligeuza huku na huku. Mayai yakamwagika mchangani. Kabla hajayaona, Ngogo alikwisha kuyafagia yote.

"Kweli, hamna kitu," akasema Mwasiti.

Bi Chembe akaimba huku analia:

*Mchanga, mchanga, nifichie changu,*
*Kilichotoka tumboni mwangu.*

Akataga mara ya pili. Ngogo akasema yaleyale, Mwasiti akafanya yaleyale, mayai yakaenda kulekule. Safari hii Mwasiti akafoka, "Wewe Chembe, ukishindwa tena nakurudisha ziwani!" Hadithi hii huniuma hapa, kila nikiisimulia.

Akataga mara ya tatu. Lakini sasa hakulia. Alichimba mchanga kwa mdomo, akachimba, akachimba, gamba likadidimia. Akalifukia lote, akaacha tundu dogo la kupitisha maji. Kisha akaenda kusimama mbele ya gamba jingine, tupu kabisa, akatanua mapezi.

"Asisogee mtu! Hapa pana changu!"

Ngogo akameza mate. Akaona kumsubiri Mwasiti ni kuchelewa. Bi Chembe akajifanya anakwenda kula, na hapo hapo Ngogo akatumbukiza kichwa. Hakuona kitu. Akajisukuma zaidi. Hakuona kitu. Akajisukuma mara ya tatu, miba yake ikasimama, ikakwama. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki!

Mwasiti akaja na chakula cha samaki, akaona mkia unatapatapa mlangoni mwa gamba.

"Ngogo, unafanya nini humo?"

"Nafagia, mama."

"Nyumba ya mwenzio unaifagia kwa mdomo?"

Bi Chembe akasema, "Mama, ndivyo alivyoyafagia mayai yangu mara mbili. Na mkono wako ndio uliomfungulia mlango."

Mwasiti akaona aibu kubwa. "Nimekosa, mwanangu. Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kaa, utazame."

Ngogo akatolewa na gamba lake kichwani. Siku ile ugali wa nyumba ile ulipata kitoweo, na paka akapata mkia.

Mwasiti akakaa. Siku ya kwanza mikono ikamwasha, akaikalia. Siku ya tano ikamwasha, akaikalia. Siku ya kumi mchanga ukatikisika. Kikatokeza kichwa kidogo kama punje ya mtama, kikatokeza cha pili, kikatokeza cha tatu, mpaka mlango ukajaa macho. Mwasiti akataka kupiga vigelegele, akajiziba mdomo. Machozi yakamtoka.

"Hesabu sasa, mama," akasema Bi Chembe. "Lakini hesabu kwa macho."

Basi, wanangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ngogo aliingia kwa kichwa. Nanyi mnaofuga na mnaolea, kitu kilichofichwa ili kikue, msikifukue kila asubuhi.

Nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nimeze mwenyewe.