Mwito wa Nakijwa Bwawani

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na wafalme, bali zamani ambayo barabara ya lami ilikuwa imekwisha kufika chini ya mlima, palikuwa na kijiji kiitwacho Ighombwe. Kaeni vizuri mnisikilize, kwa maana mwishoni nitawauliza neno, na jibu lake sinalo.

Ighombwe kulikuwa na bwawa moja. Maji ya kijito yalikusanyika humo usiku, na alfajiri yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mwita maji, mzee Senzighe Mbaruku, alisimama juu ya ukuta wa bwawa akataja majina ya wenye mashamba. Aliyetajwa aliitika kwa kinywa chake mwenyewe. Mume hakuruhusiwa kumwitikia mkewe, wala mama mwanawe. Aliyesafiri hakutajwa mpaka arudi. Bali jina la aliye kijijini lililokosa kuitikiwa alfajiri tatu lilirukwa, na siku ya nne halikutajwa tena. Kwa watu wa Ighombwe, huko ndiko kufa. Kaburi lilikuwa jambo la baadaye.

Na mtu akifa, nyumba yake ilizungushiwa kamba. Kwa siku kumi na nne chakula chake kiliwekwa kizingitini, naye aliyekiweka aligeuka akaondoka bila kutazama nyuma. Vyombo vyake havikuchanganywa na vya wengine. Watoto hawakupita karibu, na jina lake halikutamkwa.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi Nakijwa binti Semboja, aliyerithi shamba la marehemu baba yake. Mumewe aliitwa Anaeli Kingazi, fundi mwashi, mtu wa tambarare aliyepanda mlima kwa ajili ya kumwoa. Anaeli alikuwa mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Desturi za mlimani hakuzijua zote, wala hakuna aliyekaa chini akamfundisha.

Nakijwa akaota uvimbe shingoni. Wakadhani ni rovu, kwa kuwa marovu yalikuwa mengi kule. Lakini ule ulikuwa mgumu, nao haukutulia. Anaeli akampeleka hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Daktari akasema ni saratani ya tezi dundumio, ile tezi iliyo mbele ya koo. Wakaikata tezi yote. Nakijwa alipozinduka sauti yake haikuwapo. Ulibaki mnong'ono, kama mtu anayesema nyuma ya ukuta.

Kisha wakamnywesha dawa ya madini joto yenye mionzi, iue mabaki ya ugonjwa. Siku ya kumruhusu, daktari akamwambia Anaeli, "Mionzi itamtoka kidogo kidogo. Siku kumi na nne alale peke yake. Vyombo vyake viwe mbali. Watu wasimsogelee chini ya hatua tatu, na watoto wasimkaribie kabisa."

Anaeli akayashika maneno hayo kama fundi anavyoshika vipimo. Akatoa kamba yake ya kujengea akaizungusha nyumba. Daktari alisema hatua tatu. Yeye kwa mapenzi yake akapima nane. Akaweka chakula kizingitini, akageuka, akaondoka upesi. Watoto waliokuja akawafukuza kwa upole. Neno saratani hakulitamka kwa mtu, kwa sababu alihisi kwamba akilitamka ataligawa.

Watu wa Ighombwe wakaona kamba. Wakaona chakula kizingitini. Wakaelewa, kama ambavyo mtu yeyote wa Ighombwe angeelewa.

Alfajiri ya kwanza mzee Senzighe akaita, "Nakijwa binti Semboja." Pakawa kimya. Alfajiri ya pili akaita. Pakawa kimya. Alfajiri ya tatu akaita, na Anaeli alikuwapo, amesimama kando ya maji, akainamisha kichwa, maana hicho kitu kimoja alikijua: haruhusiwi kumwitikia mkewe. Siku ya nne jina halikutajwa.

Mchana wake wakaja wanawake wakasimama nje ya kamba, wakalia. Anaeli alidhani wanamlilia mgonjwa. Akawaambia, "Asanteni kwa kuja, mama zangu."

"Pole, shemeji," akasema mmoja wao, mama Kisaka, jirani wa karibu. "Umeifunga kamba vizuri. Hata sisi hatuifungi vizuri hivi."

"Ni kazi yangu, mama Kisaka."

Ndani, Nakijwa alisikia yote. Alisikia wakimsifu kwa mambo ambayo hawakuwahi kumsifu. Kupitia dirishani akamwona shangazi yake Elitruda akipita na ndoo. Akasogea akasema kwa ule mnong'ono, "Shangazi, nipe maji."

Elitruda hakugeuka. Akasimama kidogo, mabega yameinuka. Akasema akitazama njia, "Nenda salama, mwanangu. Usituite." Akaondoka na ndoo yake, nayo haikumwagika hata tone.

Anaeli aliketi kwenye kamba kila siku tangu asubuhi hadi jioni. Alizungumza naye akiwa mbali, habari za mahindi na za ukuta aliokuwa akiujenga shuleni. Kila alfajiri alimkumbusha kidonge chake, kile cha kufanya kazi ya tezi iliyoondolewa, anywe kabla ya kula kitu, leo na kesho na maisha yake yote. Nakijwa alimjibu kwa kugonga sufuria. Siku ya sita akagonga. Siku ya saba na ya nane akagonga. Siku ya tisa hakugonga.

Anaeli akasikia tu mnong'ono wake kutoka gizani mwa nyumba, "Anaeli, hicho chakula unamwekea nani?"

"Wewe."

"Mimi nani?"

Anaeli akamtaja jina. Ndani pakawa kimya kama bwawani.

Siku ya kumi akaja Zipora, mdogo wake Nakijwa, aliyeolewa kijiji cha pili. Alikuwa mzazi, mtoto wake ana siku arobaini na mbili. Alikuja kulilia maiti. Alipofika kwenye kamba akasikia mtu anakohoa ndani.

"Shemeji, nani anakohoa?"

"Dada yako."

Zipora akasema, "Nimevuka mto na kitoto mgongoni, nimenyoa nywele, na dada yangu anakohoa?"

Anaeli akamweleza maneno ya daktari, yote, kwa utaratibu, na hatua zake. Zipora akamfungua mtoto mgongoni, akampa mama mkwe wake aliyemsindikiza. "Rudi naye nyumbani, mama. Mpe maziwa ya ng'ombe." Kisha akainua mguu.

"Shemeji, usivuke. Daktari amekataza."

"Amekukataza wewe. Mimi hajaniona."

Akamkuta Nakijwa amelala chali, miguu pamoja, mikono imenyooshwa ubavuni, amejifunika kanga hadi kidevuni. Amejitengeneza mwenyewe kama maiti. Zipora akamshika mkono.

"Dada, una joto."

"Labda ni joto lako."

"Mimi nimetembea kwenye ukungu tangu asubuhi. Mkono wangu ni barafu. Hili ni lako."

Nakijwa akaufikiri mkono ule. Kisha akalia, na baada ya kulia akala. Zipora hakutoka mpaka siku ya kumi na nne. Alipotoka alihofia kwamba mionzi imemwingia, akaamua asimguse mtoto wake kwa siku nyingine kumi na nne. Hakuna aliyemwamuru, alijipangia mwenyewe. Maziwa yake yakakauka. Mtoto akaishi, lakini akabaki dhaifu, akikohoa kila masika.

Anaeli akakunja kamba. Alfajiri ya siku ya kumi na tano akaenda na mkewe bwawani. Mzee Senzighe akataja majina yote, la Nakijwa akalipita. Nakijwa akasogea mbele akanong'ona, "Nipo."

Mama Kisaka aliyekuwa mbele yake akajifunika kanga mabegani. "Baridi imeingia," akamwambia jirani yake.

Anaeli akasema mbele ya wote, "Huyu hapa mke wangu. Mzima. Alikuwa mgonjwa."

"Pole, shemeji," wakamjibu kwa huruma ya kweli. Hata wafiwa wengine wa Ighombwe waliwahi kusema kwamba wafu wao ni wazima.

Ikawa hivyo mwezi wa kwanza. Ikawa hivyo mwezi wa pili. Nakijwa alitembea njiani na watu wakampisha bila kumtazama. Alinunua chumvi kwa kuweka shilingi mezani na kuichukua mwenyewe. Kwa dawa alikuwa amepona. Daktari aliandika hivyo. Lakini karatasi haikusaidia kitu mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona anayeishika.

Mwezi wa tatu akaja mwanamke asiyejulikana, akakaa jikoni kwa Nakijwa bila kukaribishwa. Shingoni alikuwa na kovu la mlalo, limenyooka kama mstari wa rula.

"Naitwa Mwasiti binti Kirumbe, wa Kwezindo, ng'ambo ya mlima," akasema. "Nimesikia Ighombwe kuna maiti anayemeza vidonge kila alfajiri. Nikasema, huyo ni mwenzangu."

Kwao pia palikuwa na bwawa, na mwita maji, na kamba. Mwasiti alikatwa tezi miaka kumi na mmoja iliyopita. Jina lake lilirukwa, na hakutokea mtu wa kuliita. Kwao chakula cha maiti hakikuwekewa ukomo wa siku, na kwa miaka kumi na mmoja alikula kilichowekwa kizingitini. Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Kila siku ya gulio alipanda mlima akakaa na Nakijwa. Alimfundisha. "Kidonge ukimeze kwa maji matupu, usikimeze kwa chai. Ukihisi mikono inatetemeka na moyo unakimbia, usidhani umerogwa, mwambie daktari apunguze. Ukipata baridi na uzito na kusahausahau, aongeze. Sauti itarudi nusu. Hiyo nusu inatosha kugombana. Na wiki moja kabla ya kwenda kupimwa, usingizi utakuhama. Usiulaumu moyo wako. Niite, nije tukae macho sote wawili."

Tangu siku hiyo Nakijwa alianza kucheka. Majirani waliosikia kicheko jikoni walifunga milango.

Ndipo Anaeli akaenda kwa mzee Senzighe kuuliza kama jina lililorukwa laweza kurudi.

"Laweza," akasema mzee. "Mara moja tu. Wanaomtaka wasimame bwawani alfajiri, kila mmoja aseme haki yake, amwite kwa jina kamili. Yeye aitike mara moja, akimgeukia mmoja. Hapo macho yetu yatafunguka. Na aliyeitikiwa ndiye mwenye mwito wake. Zamu zao za maji zitafuatana. Msibani na harusini wataketi pamoja. Siku atakapokufa kweli, nyumba ya huyo ndiyo itakayomzika."

"Na wengine waliomwita?"

"Hao watabaki kuwa watu wema."

"Mmoja wa wanaomwita," akasema Anaeli polepole, "jina lake lilirukwa huko kwao."

"Wazee wangu waliniachia kauli mbili juu ya hilo. Ya kwanza, anayeitikiwa na mtu hawezi kuwa maiti, naye anarudi pamoja naye. Ya pili, anayemwitikia maiti anamfuata. Sikuwahi kulazimika kuchagua."

Siku ikafika. Ukungu ulikuwa mzito juu ya maji. Watu wa Ighombwe wakasimama upande mmoja, na Nakijwa peke yake upande wa pili, nao hawamwoni.

Akasema Anaeli Kingazi, "Nilikupeleka hospitali. Nilikaa kwenye kamba siku kumi na nne. Nilishika sheria ya daktari, na kwa hiyo hakuna aliyedhurika kwa mkono wangu. Kosa nililifanya, sikulijua. Mimi ni mgeni hapa, sina zamu yangu ya maji. Usiponiitika, nitakunywa maji ya huruma, na utalazwa kaburini na watu wengine. Nakijwa binti Semboja."

Akasema Zipora, "Shemeji alishika sheria, na nyuma ya sheria ulikuwa unakufa. Mimi niliivunja. Nilikushika mkono. Mwanangu amelipa, naye hakuulizwa. Nimwambie nini akikua, kwamba mama yake alibaki kuwa mtu mwema? Nakijwa binti Semboja."

Kisha watu wakawaona Anaeli na Zipora wametega sikio kwenye ukungu, mahali ambapo wao hawakumwona mtu, pale aliposimama maiti wa Kwezindo.

Akasema Mwasiti binti Kirumbe, "Mumeo alikulinda kwa mbali. Mdogo wako alikulinda siku nne. Siku zilizobaki, ambazo ni zote, nani anazijua ila mimi? Nilikuja kwa ajili yako. Sitakudanganya, nilikuja pia kwa ajili yangu. Miaka kumi na mmoja sijasikia mtu akiniitika. Huenda tukarudi wawili. Huenda tukabaki wawili. Nakijwa binti Semboja."

Watatu wamekwisha kuita, na wote watatu jina wamelitaja sawasawa. Mzee Senzighe ameshika ubao wa kufungulia maji, anangoja. Nakijwa amevuta pumzi, na pumzi hiyo, kwa koo lile, inatosha "abee" moja tu.

Nyinyi mliosikiliza, mna sauti nzima na mnajua yote anayoyajua yeye. Ageukie wapi? Je, ni nani kati yao anayestahili kuitikiwa?