Kabati la Fundi Shekue

Itikeni "tupo," nami niseme "walikuwapo."

Alikuwapo Fundi Shekue, seremala hodari, na bintiye Mwanahija, aliyekuwa karibu kuolewa. Baba akataka kumpa kabati la droo tatu lisilo na mfano. Akaingia msituni, akaona mpingo mkongwe. Ada mnaijua: mti kama ule hugongwa kwanza kwa mgongo wa shoka, ukapigiwa hodi, ili pepo anayeishi ndani ahame.

Shekue akasema, "Harusi imewadia, sina wakati wa hodi." Neno dogo vile likamshinda! Akakata.

Droo ya kwanza akaiunda kwa mninga, ya pili kwa mvule, ya tatu kwa mpingo ule, akazitia njumu, maua meupe ya pembe yaliyopachikwa kwenye mbao.

Droo ya mpingo ikauliza, "Fundi, nyumba yangu iko wapi?" Akaifunga. Ikauliza tena, akaizidishia maua. Ikauliza mara ya tatu, akaimba kwa nguvu asiisikie.

Asubuhi ya harusi Mwanahija akaifungua atoe kanga zake. Kanga zikabaki, Mwanahija akatoweka. Katikati ya maua pakatokea uso mweupe wa msichana.

Shekue akainua shoka alipasue kabati. Sauti ya bintiye ikalia ndani, "Baba, usinikate! Mbao hizi ndizo mwili wangu!"

Shoka likamdondoka.

Sasa mzee hulipaka kabati mafuta ya nazi kila siku, na kabla ya kuligusa hugonga polepole. "Hodi, mwanangu."

Anayemwitikia "karibu" si Mwanahija. Ni mwenye nyumba.